Tabaka Likiinama, Mwangwi Hutoka Wapi?

Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma mbele ya walimu na wanafunzi wa sayansi

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wazee wetu mliotoka mialo ya Kibirizi na Katonga, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nieleze namna wataalamu wanavyoichunguza miamba iliyo chini ya ziwa letu bila kuichimba. Kazi hiyo ni kubwa, na ningejaribu kuieleza yote leo tungeachana jioni tukiwa tumegusa kila kitu na kuelewa kidogo. Kwa hiyo nimechagua jambo moja ambalo ndimo yanamozaliwa makosa mengi ya kusoma picha za mitetemo, yaani picha za miamba zinazochorwa kutokana na mwangwi wa sauti, nalo ni mwinamo wa matabaka. Vitabu vya kuanzia huchora matabaka yaliyolala sawasawa, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na huingia ubaoni kwa mistari miwili. Ziwa Tanganyika halikuumbwa hivyo. Liko ndani ya Bonde la Ufa, na mabonde madogo yanayoliunda kwa kawaida yamekatwa na ufa mkubwa upande mmoja tu, huku upande wa pili ukiwa umelala kwa kuinamia ufa huo. Ukisafiri kutoka kaskazini kwenda kusini utakuta ufa mkuu ukihama ukingo, mara mashariki, mara magharibi. Na kwa kuwa bonde liliendelea kuinama wakati mashapo yakiendelea kutua, matabaka ya zamani yameinama kuliko yale ya juu yake. Mtu anayetaka kulisoma ziwa hili kwa kanuni ya matabaka yaliyolala atakosea kuanzia hatua ya kwanza.

Nianze na chombo chenyewe. Mashua ya utafiti hufyatua hewa iliyobanwa ndani ya maji, sauti ikashuka, ikapenya sakafu ya ziwa, na kila inapokuta mpaka kati ya miamba ya aina mbili, sehemu yake hurudi juu. Nyuma ya mashua huvutwa kebo ndefu yenye haidrofoni nyingi, yaani vinasa sauti vya majini, zilizopangwa kwa umbali unaojulikana. Haidrofoni hizo haziandiki kina, wala haziandiki mwelekeo ambao sauti imetokea, huandika muda. Kina na mwelekeo ni mambo ambayo sisi tunayakisia baadaye kutokana na muda huo, na hapo ndipo mwinamo unapotupotosha.

Tabaka likiwa limelala, mambo ni mepesi. Sauti inayorudi palepale ilipotoka imesafiri wima kwenda na wima kurudi. Haidrofoni iliyo mbali huisikia kwa kuchelewa zaidi, na ukichora muda dhidi ya umbali unapata mchirizo unaoitwa haipabola, ambao kilele chake kipo juu ya chanzo chenyewe na pande zake mbili zimelingana. Kutokana na kiasi cha kuchelewa huko mtu hupata kasi ya sauti katika miamba, na akiisha kupata kasi hupata kina.

Sasa tuliinamishe tabaka. Chukueni mashua iliyo mbele ya bandari ya Kigoma, na chini yake tabaka lenye mwinamo wa nyuzi 20 kuelekea magharibi, yaani linashuka likielekea upande wa Kongo na kupanda likija kwetu. Mfano huu ni wa ubaoni, si kipimo cha mahali popote ziwani. Kasi ya sauti tuifanye mita 2,000 kwa sekunde kutoka juu hadi chini, ili hesabu isitukimbie, ingawa tunajua kwamba ndani ya maji sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, na katika miamba migumu ya chini huenda hata mita 5,000 na zaidi. Umbali mfupi kabisa kutoka mashua hadi tabaka uwe mita 1,000.

Sauti inayorudi kwenye mashua imegonga wapi? Wengi hujibu haraka kwamba imegonga chini ya mashua. Lakini ili sauti irudi kwa njia ileile iliyoendea, sharti ilikute tabaka kwa pembe mraba, na tabaka hili limeinama, kwa hiyo mstari wenye pembe mraba nao umeinama. Ukipiga hesabu utaona kwamba mahali palipogongwa pako mita 342 mashariki ya mashua, kwenye kina cha mita 940. Nahodha anadhani anasikiliza kilicho chini ya chombo chake, kumbe sauti inatoka upande wa Kigoma. Muda alioandika ni sekunde 1 kamili, naye akiuchora wima chini yake atasema tabaka liko mita 1,000. Mchimbaji akishusha bomba hapohapo atapita mita 1,000 bila kuliona, na atalikuta kwenye mita 1,064. Mita 64 si kitu kidogo kwa mtu anayelipia uchimbaji kwa kila mita.

Hiyo ni haidrofoni moja iliyo karibu na chanzo. Zilizo mbali zina mambo yake, na hapa nawaomba wanafunzi wachukue kalamu. Njia rahisi kuliko zote ni ile mliyojifunza katika somo la mwanga: taswira ya kitu ndani ya kioo. Lichukulieni tabaka kuwa ni kioo, na chanzo cha sauti kuwa ni kitu kilicho mbele yake. Taswira ya chanzo itakuwa nyuma ya kioo, kwa umbali uleule, juu ya mstari uleule wenye pembe mraba. Safari ya sauti kutoka kwenye chanzo hadi kwenye tabaka hadi kwenye haidrofoni ina urefu sawa na mstari mnyoofu kutoka kwenye taswira hiyo hadi kwenye haidrofoni. Tabaka likilala, taswira iko wima chini ya chanzo. Tabaka likiinama, taswira husogea kuelekea upande ambao tabaka linapanda; katika mfano wetu itakuwa mita 684 mashariki ya mashua na mita 1,879 chini. Baada ya hapo kinachobaki ni kanuni ya Pythagoras. Tukiita umbali wa haidrofoni x, ukihesabiwa chanya kuelekea upande wa kushuka, umbali mfupi wa tabaka h, pembe ya mwinamo d, na kasi V, tunapata:

t² = (x² + 4h² + 4hx sin d) / V²

Sehemu ile ya mwisho ndani ya mabano, yenye sini ya mwinamo, ndiyo iliyoongezeka. Pembe ikiwa sifuri inatoweka na tunarudi kwenye tabaka lililolala. Mchirizo bado ni haipabola, lakini kilele chake kimehama. Kiko juu ya taswira, na taswira imesogea mashariki.

Tazameni namba zake. Haidrofoni iliyo mita 1,000 magharibi ya chanzo, upande wa kushuka, itasikia mwangwi baada ya sekunde 1.262. Iliyo mita 1,000 mashariki, upande wa kupanda, itausikia baada ya sekunde 0.953. Kama tabaka lingelala, zote mbili zingesikia kwa sekunde 1.118. Na angalieni jambo la ajabu kidogo: haidrofoni ya mashariki, iliyo mbali kwa kilomita nzima, imesikia kabla ya ile iliyo kando ya chanzo, ambayo ilisubiri sekunde 1. Mwanafunzi akikutana na jambo hilo mara ya kwanza hudhani saa ya mtambo imeharibika. Haijaharibika. Mahali panaposikia mapema kuliko pote ni mita 684 mashariki, ambapo muda ni sekunde 0.940.

Tuseme sasa mchambuzi hajui habari ya mwinamo, anatumia kanuni ya tabaka lililolala, na ana data za upande mmoja tu. Kwa haidrofoni za magharibi atapata kasi ya karibu mita 1,300 kwa sekunde, yaani sauti inakwenda polepole ndani ya mwamba kuliko ndani ya maji yaliyo juu yake. Kwa haidrofoni za mashariki hali ni mbaya zaidi, maana atatakiwa kutafuta kipeuo cha pili cha namba hasi. Binafsi napenda makosa ya namna hii, kwa sababu yanajitangaza. Makosa ya kuogopwa ni yale ya mwinamo wa nyuzi tano au sita, ambayo hutoa kasi inayoelekea kuwa ya kweli, na hakuna anayeuliza.

Wazee wa mialo wataona mara moja jambo lingine. Kebo huvutwa nyuma ya mashua, haiko pande zote mbili. Mashua ikielekea Kongo, kebo iko mashariki yake, upande wa kupanda, na miangwi huwahi. Mashua ikigeuza na kurudi Kigoma juu ya mstari uleule, kebo iko magharibi, upande wa kushuka, na miangwi huchelewa. Tabaka ni lilelile, maji ni yaleyale, lakini rekodi mbili hazifanani. Ukiwa na zote mbili, mwinamo wenyewe unapatikana: unachukua mraba wa muda mmoja ukiutoa kwenye mraba wa mwingine, sehemu zote zinazofanana zinafutana, na kinachobaki ni 8hx sin d juu ya V². Kilichokuwa kero kimekuwa kipimo.

Dawa iliyozoeleka zaidi, hata hivyo, ni kupanga rekodi kwa namna nyingine. Badala ya kuweka pamoja haidrofoni zote zilizosikiliza mfyatuo mmoja, tunaweka pamoja jozi zote za chanzo na haidrofoni ambazo nukta yake ya katikati ni moja. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani Harry Mayne mwaka 1950. Uzuri wake kwa tabaka lililoinama ni kwamba chanzo na haidrofoni vikibadilishana nafasi muda wa safari haubadiliki, kwa hiyo mchirizo unarudi kuwa na pande zilizolingana na kilele kinarudi katikati. Mtu anaweza kufikiri tatizo limekwisha. Halijakwisha, limehamia ndani ya kasi. Mwaka 1971 mwanajiofizikia Franklyn Levin alionyesha kwamba kasi inayopatikana kwa mpangilio huu ni kasi ya kweli ikigawanywa kwa kosini ya mwinamo. Kwa nyuzi 20 tunapata 2,128 badala ya 2,000, tofauti ya asilimia 6 hivi. Kwa nyuzi 45 tunapata 2,828. Kwa nyuzi 60, ambao ni mwinamo wa kawaida kabisa kwa ufa wa bonde kama letu, tunapata 4,000, mara mbili ya kasi ya kweli.

Kuna na jambo la pili ambalo halionekani kwenye mchirizo. Jozi zenye nukta moja ya katikati hazigongi mahali pamoja kwenye tabaka lililoinama. Kadiri chanzo na haidrofoni vinavyoachana, mahali panapogongwa hupanda kufuata tabaka. Katika mfano wetu, jozi iliyoachana kwa mita 1,000 imegonga, kwa kufuata tabaka, mita 80 juu zaidi ya jozi iliyokaribiana, na jozi iliyoachana kwa mita 3,000 imegonga mita zaidi ya 700 juu zaidi. Tukizijumlisha zote tukiamini ni nukta moja, tunapaka matope tabaka letu wenyewe.

Hapo napenda tukae kidogo, kwa sababu ndipo ziwa letu linapohusika hasa. Fikirini mahali ambapo mwangwi wa tabaka lililolala na mwangwi wa ufa wa nyuzi 60 vinafika kwa wakati mmoja kwenye nukta moja ya katikati. Wa kwanza unataka usahihishwe kwa kasi ya 2,000 na wa pili kwa 4,000. Mchambuzi hawezi kutumia namba mbili kwa sekunde ileile, kwa hiyo huchagua moja, na kwa kawaida huchagua ya tabaka lililolala kwa kuwa lina nguvu na linaonekana. Ufa hufifia hadi kutoweka. Ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani nyuso za nyufa hazionekani kabisa. Mchoraji aliona tu matabaka yamekatika, naye akaunganisha palipokatika kwa rula. Marekebisho ya kuondoa mgongano huo, yanayofanywa kabla ya kujumlisha, yalipata nguvu katika miaka ya 1980, na makala ya mwanajiofizikia Dave Hale ya mwaka 1984 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoyafanya yawe ya kutumika kila siku. Leo kompyuta zetu zinaruka hatua hiyo na kuhamisha kila akisi, yaani kila mwangwi uliorudi kutoka kwenye tabaka, kabla ya kujumlisha, lakini kanuni zinayoitii ni ileile.

Kuhamisha akisi ni nini? Nimesema nahodha huchora mwangwi wima chini yake ilhali umetoka kando. Akifanya hivyo kwa kila nukta ya mstari wake, anapata picha ambamo tabaka limelala kuliko lilivyo na limesogea upande wa kushuka. Uhusiano wake ni mfupi wa kukumbukwa: tanjenti ya mwinamo unaoonekana ni sawa na sini ya mwinamo wa kweli. Nyuzi 20 zinaonekana kama 18.9, ambayo haitamsumbua mtu. Nyuzi 45 zinaonekana kama 35. Nyuzi 60 zinaonekana kama 41, na hata ukuta uliosimama wima kabisa hauwezi kuonekana zaidi ya nyuzi 45. Kuhamisha akisi ni kurudisha kila mwangwi ulikotoka: unapanda kufuata mwinamo, unasimama zaidi, na unakuwa mfupi. Watu wa John Karcher, mwanafizikia wa Marekani, walilijua hilo tangu mwanzo; mwaka 1921 huko Oklahoma, walipochora mkato wa kwanza wa mwamba kwa njia ya akisi, walitumia bikari kuchora tao kwa kila muda uliopimwa, kisha wakapitisha mstari unaoyagusa matao yote. Walipata mpaka wa miamba uliokuwa umeinama. Mabonde yaliyopinda kama bakuli yana visa vyake, ambapo mwangwi mmoja hujikunja na kujivuka mwenyewe kwenye picha, lakini dawa ni hiyohiyo na sitakawia hapo.

Kuna swali ambalo msomaji wa picha hulisahau mara nyingi kuliko yote, nalo ni kuuliza mashua ilikuwa inakwenda wapi. Rudini kwenye tabaka letu linaloshuka kuelekea magharibi. Mashua ikienda mashariki na magharibi, mwinamo unaonekana. Mashua ikienda kaskazini na kusini, sambamba na ufuko, umbali wa tabaka haubadiliki hata kidogo, na picha itaonyesha tabaka lililolala kama meza. Kasi itakayopatikana itakuwa sahihi, mita 2,000, na kila kitu kitaonekana salama. Ila mwangwi wote unatoka kando, upande wa Kigoma, na hakuna namna ya kuujua kwa mstari huo peke yake. Mistari miwili ikikutana, ule wa mashariki na magharibi ukiisha kuhamishwa utasema tabaka liko kwenye sekunde 1.064, na ule wa kaskazini na kusini utasema sekunde 1 kamili. Milisekunde 64 za kutoelewana, na hakuna mstari uliopimwa vibaya. Nimeona watu wakibishana ofisini juu ya tofauti kama hiyo, kila mmoja akiulaumu mtambo wa mwenzake. Dawa ya kweli ni kupima kwa mistari mingi iliyosongamana ili akisi zihamishwe pande zote, jambo ambalo ni ghali ziwani.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu umbo la ziwa hili ilianza na mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, chini ya Bruce Rosendahl, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mistari yao ilikatiza ziwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mingine iliunganisha kwa urefu, ndipo ikaonekana jinsi ufa mkuu unavyobadilisha upande. Mistari ya kukatiza ndiyo iliyobeba habari ya mwinamo.

Niingie kwenye jambo la mwisho, linalowagusa hata wasio na haja ya mafuta wala gesi. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa hili lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.8, na wengi mliopo hapa mnalikumbuka. Anayetaka kujua ufa unaweza kutikisa kiasi gani na karibu na nani, anahitaji kujua uko wapi na umesimama kiasi gani. Tuchukue ufa wa nyuzi 60, katika mashapo yenye kasi ya mita 2,500 kwa sekunde, ambao mwangwi wake umefika baada ya sekunde 2. Kwa hesabu sahihi, mahali palipogongwa pako mita 2,165 kando ya mashua. Sasa tuipunguze kasi kwa asilimia 10 tu, kosa ambalo si la kushangaza. Ufa utahamishwa mita 1,754 na utaonekana una nyuzi 51. Tuiongeze kwa asilimia 10, utahamishwa mita 2,620 na utasimama kwa nyuzi 72. Muda uliopimwa ni uleule katika hali zote tatu. Na kasi hiyo tunayoihitaji ili kuuweka ufa mahali pake ndiyo ileile ambayo mwinamo wa ufa umeikuza tangu mwanzo, kwa hiyo kazi haina mstari mmoja wa kwenda mbele: mchambuzi hukisia kasi, huhamisha akisi, hutazama kama jozi za karibu na za mbali zimeukubali ufa mahali pamoja, na zisipokubali hurekebisha kasi na kuanza tena.

Kwenye meza pale nje nimeweka mchoro wa mfano wetu wa nyuzi 20, wenye taswira ya chanzo na njia zote mbili za mashua, pamoja na rula na bikari kwa atakayependa kuukagua kwa mkono wake. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nayapokea maswali.